Kugusa RNA Si Kutibu Saratani

Kila baada ya muda mfupi habari ya aina moja hurudi kwa jina jipya. Watafiti wamechuja kemikali kutoka kwenye jani, gome au mzizi, wakaziwekea seli za saratani maabara, wakaona RNA ya seli hizo, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, inaungwa ovyo, kisha seli zikafa. Kufikia jioni kichwa cha habari ni "mmea unaoua saratani". Wanaoziamini dawa za mimea hushangilia kwamba sayansi imewafuata walikokuwa zamani. Wanaozidharau husema ni yale yale ya miaka yote. Naona pande zote mbili zinabishania jambo ambalo si swali. Kubadilika kwa uungaji wa RNA baada ya seli kupewa kemikali ya mmea ni ushahidi wa bei nafuu mno, kwa sababu karibu kila kitu kinachoitesa seli huubadilisha: joto, ukosefu wa oksijeni, sumu ya aina yoyote. Kinachotakiwa kujulikana ni kama badiliko hilo ndilo lililoiua seli, na kama linaweza kupatikana kwa dozi ambayo mwili wa mgonjwa unaihimili. Kwa kipimo hicho, kemikali nyingi za mimea zinazotangazwa bado ziko mbali. Chache, hata hivyo, zinastahili kufuatiliwa, tena kwa sababu ambayo vichwa vya habari havijawahi kuitaja.

Tuanze na kazi yenyewe. Maelekezo yaliyomo ndani ya jeni ya binadamu hayakuandikwa kwa mfululizo. Vipande vinavyotumika, yaani eksoni, vimetenganishwa na vipande virefu visivyotumika kutengeneza protini, yaani introni. Seli hunakili vyote, kisha hukata introni na kuunga eksoni kabla RNA haijatoka kwenye kiini. Kazi hiyo ndiyo splaisingi. Jeni ya distrofini, protini ya misuli, ina eksoni 79 zilizotawanyika katika herufi zaidi ya milioni 2 za DNA, lakini RNA iliyokwisha kuungwa ina herufi 14,000 hivi tu. Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja na timu yake, waligundua mpangilio huu mwaka 1977 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Fundi wa kazi hiyo ni splaisosomu, mtambo wenye RNA ndogo tano (U1, U2, U4, U5 na U6) na protini zaidi ya 100, ambao hujengwa juu ya kila introni na kubomolewa ikishakatwa.

Fundi huyu hana ruhusa ya kukosea hata herufi moja, kwa kuwa RNA husomwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi LEO MTU ALA YAI. Ondoa T peke yake, kisha endelea kusoma tatu tatu: LEO MUA LAY AI. Kuanzia pale kosa lilipotokea sentensi haina maana tena, na ndivyo protini inavyoharibika kuanzia kiungo kilichokatwa vibaya. Mara nyingi seli huitambua RNA ya namna hiyo na kuivunja isitumike. Hata hivyo, mbali na makosa, kuna uchaguzi halali. Zaidi ya jeni 9 katika kila 10 zenye eksoni nyingi hutoa matoleo kadhaa kwa kuruka eksoni fulani au kukata mahali tofauti. Jeni ya Bcl-x ndiyo mfano unaopendwa, na kwa haki: eksoni yake ya pili ikikatiwa mahali pamoja hutoka Bcl-xL, inayoizuia seli kufa, ikikatiwa mapema zaidi hutoka Bcl-xS, inayoisukuma seli ife. Jeni ni ile ile, hukumu mbili.

Saratani huutumia uchaguzi huo kwa faida yake. Mwaka 2011 ilibainika kwamba wagonjwa wengi wa mielodisplasia, ugonjwa wa uboho unaoweza kugeuka saratani ya damu, wana mabadiliko katika jeni za splaisosomu yenyewe: SF3B1, SRSF2, U2AF1 na ZRSR2. SF3B1 ni sehemu ya kikundi cha U2, na kazi yake ni kusaidia kuishika adenosini moja maalumu iliyo ndani ya introni, ile ambayo ukataji wote huanzia kwake. Badiliko la kawaida zaidi liko nafasi ya 700 ya protini hiyo, ambapo lisini imechukuliwa nafasi na glutamati. Mtambo wenye SF3B1 ya namna hiyo bado unafanya kazi, ila kwa baadhi ya jeni hukata herufi 10 hadi 30 kabla ya mahali sahihi. Katika saratani ya tezi dume hutokea toleo la kipokezi cha homoni ya kiume liitwalo AR-V7, ambalo halina kabisa sehemu ya kushika homoni. Dawa ya enzalutamide hujishikiza kwenye sehemu hiyo hiyo, kwa hiyo haina pa kushika. Na katika saratani za damu zinazotibiwa kwa seli za kinga zilizofunzwa kuwinda protini ya CD19, baadhi ya seli za saratani huruka eksoni ya pili ya jeni hiyo na kupotea machoni pa mwindaji.

Kwa hiyo shabaha ni halali, na imekwisha kuthibitika kwamba uungaji wa RNA unaweza kutibiwa kwa dawa. Nusinersen iliidhinishwa Marekani Desemba 2016, na risdiplam, ambayo humezwa, Agosti 2020. Zote mbili ni za ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli, na zote hufanya jambo moja: huifanya eksoni ya 7 ya jeni ya SMN2 iingizwe badala ya kurukwa. Hakuna iliyotoka kwenye mmea. Ninazitaja kwa sababu mafanikio hayo yalitokana na kusukuma uamuzi mmoja wa jeni moja, huku splaisosomu ikiachwa iendelee na shughuli zake. Tofauti hiyo tutaihitaji mbele.

Sasa tuje kwenye chanzo cha kemikali hizi. Zile zinazoushambulia mtambo moja kwa moja, na ambazo ushahidi wake hauna utata, hazitoki kwenye mimea. Zinatoka kwa bakteria wa udongoni. FR901464 ilitolewa kwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas. Pladienolide ilitoka kwa Streptomyces platensis. Herboxidiene kwa Streptomyces mwingine. Mwaka 2007 timu mbili za Japani zilionyesha kwamba mbili za kwanza hushika kikundi kile kile, SF3b, ambamo SF3B1 imo. Na kuna sababu ya kimaumbile. Bakteria hawana splaisosomu. Anaweza kutengeneza sumu ya splaisosomu mchana kutwa asijidhuru, akawaumiza majirani zake wenye viini: kuvu, minyoo, mizizi. Mmea una splaisosomu inayofanana sana na yetu. Ukitengeneza sumu kali ya SF3B1 utaanza kujiua wenyewe. Herboxidiene, kwa taarifa, ilianza kujulikana kama kiua magugu, na jina lake linabeba asili hiyo.

Si kanuni isiyovunjika. Mmea unaweza kuifungia sumu kwenye vakuoli, mfuko ulio ndani ya seli, au kuibadilisha shabaha yake mwenyewe. Mti wa Camptotheca acuminata, unaotoa kamptotesini, umefanya hivyo: kimeng'enya chake cha topoisomerasi I kina badiliko nafasi ya 722 linalozuia sumu hiyo kushika, badiliko lile lile lililowahi kuonekana katika seli za saratani ya damu zilizozoea dawa hiyo. Lakini kinga ya aina hiyo ni ghali kuijenga. Ndiyo maana, unapoambiwa kemikali ya mmea "inalenga splaisosomu", dau la kwanza la busara ni kwamba inagusa kitu kilicho pembeni: kinasi zinazoweka fosfati kwenye protini za SR (zile zinazosaidia kuchagua eksoni za kuungwa), kimeng'enya kinachoziondoa fosfati hizo, au kasi ya unakili wa RNA. Kugusa pembeni si aibu. Ni jambo tofauti tu, na linadai uthibitisho tofauti.

Kabla ya kuilaumu mimea kwa udhaifu, tazama nguvu ilivyowafikisha bakteria. E7107, iliyotengenezwa kutokana na pladienolide D, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kupewa wagonjwa. Ilionyesha ndani ya damu yao kwamba uungaji unazuilika kweli. Kisha baadhi yao wakapata uvimbe wa neva ya macho na kupoteza uwezo wa kuona, na majaribio yakasimamishwa. Iliyofuata, H3B-8800, ilikuwa dawa ya kumeza, iliyojengwa juu ya hesabu nzuri: seli yenye SF3B1 iliyobadilika inaishi kwa nakala moja tu iliyobaki nzima, hivyo ukiupunguza mtambo kidogo, yenye ugonjwa itaanguka kabla ya yenye afya. Katika panya hesabu ilitoka. Katika wagonjwa 84 wa awamu ya kwanza, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, hakuna hata mmoja aliyepona kikamilifu wala kwa sehemu kwa vigezo vya kimataifa. Wagonjwa 9 waliokuwa wakitegemea kuongezewa chembe nyekundu waliweza kukaa zaidi ya siku 56 bila kuongezewa. Hilo si bure kwa mtu anayelazwa kila wiki chache kwa ajili ya damu, lakini ni kidogo kuliko kilichotarajiwa.

Hapo ndipo mimea inapoingia, na mfano ulio mpana kuliko yote ni isoginkgetin, kemikali ya majani ya mti wa ginkgo. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwenye kioevu kilichochujwa kutoka kwenye viini vya seli, splaisosomu iliyopewa isoginkgetin hukwama hatua ya A: U1 na U2 zimekwisha kukaa kwenye introni, lakini kikundi cha U4, U5 na U6 hakijiungi. Huo ni ushahidi bora kuliko ule wa kawaida, kwa sababu unaonyesha hatua mahususi nje ya seli, mahali pasipo na kifo cha seli cha kuchanganya mambo. Basi mbona haijawa dawa? Fanya hesabu. Kiwango kilichohitajika kilikuwa karibu mikromola 30 (mikromola hupima idadi ya molekuli katika kila lita). Uzito wa molekuli yake ni 566, hivyo mikromola 30 ni miligramu 17 katika kila lita. Plazima, yaani maji ya damu, ya mtu mzima ni lita 3 hivi. Unahitaji miligramu 51 ziwe zinaelea humo kwa wakati mmoja, bila hata chembe kuingia kwenye tishu, kubadilishwa na ini au kukojolewa. Na hapo nimejifanya sikumbuki kwamba kemikali za jamii hii hushikwa sana na protini za damu. Ikiwa asilimia 99 imeshikwa, jumla inayotakiwa ni gramu 1.7 kwa lita. Pladienolide B hufanya kazi kwa nanomola chache (nanomola ni sehemu moja ya elfu ya mikromola): kwa nanomola 5 unahitaji mikrogramu 2.7 kwa lita, chini mara 6,000 hivi.

Shida ya pili ya isoginkgetin ni ya utambulisho. Mwaka 2019 ilionyeshwa pia kuzuia proteasomu, mtambo wa kuvunja protini chakavu, ambao ni shabaha ya dawa zinazotumika tayari kwa saratani ya uboho. Kwa hiyo seli iliyokufa mbele ya mikromola 30 za isoginkgetin ina washukiwa wawili, na karatasi nyingi zilizoitumia kama "kizuizi cha splaisingi" zimemkamata mmoja tu.

Kemikali nyingine za mimea zina kasoro kama hiyo kwa sura tofauti. Homoharringtonine, kutoka miti ya Cephalotaxus, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa aina moja ya saratani ya damu ya muda mrefu, na imeripotiwa kusogeza uwiano wa Bcl-x kuelekea toleo la kifo. Lakini kazi yake inayojulikana ni kuzuia ribosomu, mtambo unaotengeneza protini, na protini ya MCL1, inayozihifadhi seli nyingi za saratani ya damu, nusu yake huoza ndani ya dakika 30 hivi. Ukifunga ribosomu, MCL1 inaisha na seli inakufa, Bcl-x ikatwe inavyokatwa. Triptolide, ya mmea wa Tripterygium wilfordii, hubadilisha uungaji wa jeni nyingi. Mwaka 2011 ilifahamika kwamba hushika XPB, protini inayosaidia kuanzisha unakili, na kuzima unakili wenyewe. Harmine huzuia kinasi ya DYRK1A kwa viwango vya chini ya mikromola 1, jambo la kuvutia kweli kwa sababu kinasi hiyo huamuru protini za SR. Lakini pia huzuia MAO-A, kimeng'enya kinachovunja kemikali za mawasiliano za ubongo, na mgonjwa ataanza kutetemeka kabla uvimbe haujasikia chochote.

Tatizo kubwa zaidi, lakini, haliko kwenye kemikali. Liko kwenye benchi. Anayetaka kuonyesha kwamba kemikali inabadilisha uungaji kwa kawaida huweka seli kwenye kemikali, huchuja RNA, huigeuza kuwa DNA, kisha huikuza kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, akitumia praima mbili (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) zilizokaa kwenye eksoni za pande zote mbili za introni. Mstari wa juu, yaani wa kipande kirefu, ukitokea kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu, husema introni imebaki. Mambo manne huharibika hapa mara kwa mara. La kwanza, DNA ya kiini ina introni zote. RNA isiyosafishwa kwa DNase, kimeng'enya kinachovunja DNA, hutoa mstari ule ule wa juu bila splaisosomu kuguswa. Dawa yake ni bomba moja la ziada ambalo halikutiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA: mstari ukitokea humo, ni uchafu. La pili, PCR hupenda kipande kifupi. Mizunguko ikizidi, toleo lililoruka eksoni linaonekana jingi kuliko lilivyo. La tatu, RNA iliyoharibika huvunjwa haraka na seli, kwa hiyo badiliko la kweli linaweza kufichika hadi uzuie uvunjaji huo. La nne, ambalo naliona baya kuliko yote, ni muda. Ukiangalia baada ya saa 48, nusu ya seli ziko mahututi, na seli mahututi huunga RNA ovyo kwa sababu inakufa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa mawingu yamepigwa picha mvua ikiwa imekwisha kunyesha, kisha tunaambiwa ndiyo yaliyoileta.

Jaribio linaloweza kuaminiwa huanza mapema: saa 2, 4 na 8, kabla kiashiria chochote cha kifo hakijapanda, kwa dozi nne au tano, huku kiyeyushi cha DMSO kikiwa asilimia 0.1 kila mahali, pamoja na sampuli isiyo na kemikali. Pembeni kuwe na pladienolide B ya kulinganisha nayo, na kuwe pia na sumu isiyohusiana na uungaji inayoua seli kwa kasi ile ile. Uungaji ukivurugika sawa kwa zote, kilichopimwa ni mateso ya seli. Baada ya hapo husomwa RNA yote, si jeni tatu zilizochaguliwa: sampuli tatu kwa kila hali, kila moja kwa usomaji milioni 50 hadi 100, kisha huhesabiwa kwa kila eksoni ni asilimia ngapi ya nakala imeingizwa. Kemikali inayoshika SF3b huacha alama yake humo. Inayozima unakili huacha nyingine. Hatua inayofuata ni kioevu cha viini: RNA yenye introni moja, ATP, magnesi, nyuzi 30 kwa saa moja, na kuangalia mtambo umekwama wapi.

Kuna jaribio moja zaidi linaloweza kumaliza ubishi, na halifanywi inavyostahili. Ikiwa kemikali inaua kwa kushika protini fulani, basi seli yenye protini hiyo iliyobadilishwa kidogo isishikwe inapaswa kuishi. Kwa pladienolide hilo lilifanyika: seli ambazo nafasi ya 1074 ya SF3B1 yao imetoka arginini ikawa histidini huivumilia sumu. Hapo hakuna tena nafasi ya kusema "labda ni proteasomu". Kati ya kemikali za mimea zinazotajwa kulenga splaisingi, zilizowahi kupita mlango huo ni adimu, na kichwa cha habari kisicho na jaribio hilo kinasema tu kwamba sumu imepatikana.

Upande wa watetezi una hoja yenye uzito, nayo ni historia. Dawa za saratani vinblastini na vinkristini zilitoka kwenye ua la Catharanthus roseus la Madagaska. Taxol ilitoka kwenye gome la myuu wa Pasifiki lililokusanywa mwaka 1962, muundo wake ukachapishwa mwaka 1971, idhini ikaja mwaka 1992. Kamptotesini haikufaa ilivyo. Irinotecan na topotecan, zilizotengenezwa kutokana nayo, ndizo zilizofaa, zikaidhinishwa Marekani mwaka 1996. Aliyeiangalia kamptotesini ghafi akasema ni dhaifu na haiyeyuki angekuwa sahihi kuhusu molekuli na amekosea kuhusu mustakabali. Nakubali kabisa. Isipokuwa historia hiyo inafundisha jambo ambalo wanaoitaja hawalisemi: Taxol na kamptotesini zilisonga mbele mara shabaha zao zilipojulikana kwa uhakika, yaani tubulini (protini ya nyuzi zinazogawanya seli) na topoisomerasi, kwa sababu hapo mkemia alijua anaboresha nini. Mkemia anayeboresha isoginkgetin bila kujua kama anafuata splaisosomu au proteasomu anapiga mshale gizani.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba kemikali ya mmea ni ya asili, kwa hiyo ni laini kwa mwili, na kwamba mmea mzima ni bora kuliko kemikali iliyochujwa kwa sababu viambata husaidiana. Vinkristini ni ya asili. Ikiingizwa kwa makosa kwenye maji ya uti wa mgongo badala ya mshipa wa damu huua karibu kila mara. Kuhusu kusaidiana, jambo hilo linawezekana, lakini haliwezi kuziba pengo la hesabu. Ikiwa kiambata safi kinahitaji miligramu 51 ndani ya plazima peke yake, kikombe cha chai ya majani yenye chembe zake hakifiki huko kwa kusaidiwa na jirani. Watafiti wa kafeini walikumbana na ukuta huo huo: kafeini hubadilisha kweli uungaji wa jeni kadhaa za saratani, lakini kwa milimola kadhaa (milimola moja ni mikromola elfu moja), ilhali kikombe kimoja cha kahawa huleta kwenye damu mikromola kumi hivi.

Wenye mashaka nao wana hoja yao dhaifu, kwamba kila seli inahitaji splaisosomu na hivyo dawa yake lazima iue zote. Ingekuwa hivyo, risdiplam isingemezwa kila siku na watoto wachanga. Kipimo na uteuzi ndivyo vinavyoamua, na hapa udhaifu wa kemikali za mimea unaweza kugeuka kuwa sifa. Kinachosogeza kinasi moja ya pembeni hubadilisha uungaji wa jeni chache, si elfu kumi. E7107 ilizima swichi kuu ya nyumba. Kinachotafutwa ni swichi ya chumba kimoja.

Njia inayonivutia zaidi, na inayotajwa kidogo kupita zote, haihusu kuua seli. Watafiti wa Ufaransa walichukua isoginkgetin wakaibadilisha iyeyuke vizuri zaidi, wakapata kemikali waliyoiita IP2. Wazo ni kwamba RNA iliyobaki na introni husomwa kidogo kabla ya kuvunjwa, na vipande vya protini vinavyotokana navyo huoneshwa juu ya seli, mahali ambapo seli za kinga hupita zikikagua. Vipande hivyo ni vigeni, hivyo seli ya saratani inajitangaza yenyewe. Katika panya wenye kinga nzima uvimbe ulipungua kasi ya kukua. Katika panya wasio na seli T, aina ya seli za kinga, faida hiyo haikuonekana. Kwa matumizi ya namna hii hauhitaji kuzima mtambo, unahitaji kuuchelewesha kwa muda mfupi, na dozi inayotakiwa inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya kuua. Kitakachoamua ni kama vipande hivyo hujitokeza zaidi kwenye uvimbe kuliko kwenye utumbo na uboho, kwa sababu seli za kinga zikianza kuvishambulia huko pia, matatizo ya E7107 yatarudi kwa mlango wa nyuma. Hilo linapimika: vipande vinavyoshikwa na molekuli za MHC-I, zile zinazovionyesha juu ya seli, vinaweza kung'olewa na kutambuliwa kimoja kimoja kwa spektrometa ya uzito, kwenye uvimbe na kwenye tishu nzima ya mnyama yule yule. Fedha za utafiti zikiwa chache, bora ziende kwenye kipimo hicho na kwenye seli za nafasi ya 1074 kuliko kwenye karatasi nyingine inayoonyesha dondoo la jani likiua seli kwenye sahani.

Wakati hayo yakisubiriwa, vidonge vya dondoo za mimea viko madukani na wagonjwa wanavinunua, mara nyingi bila kumwambia daktari. Hapo hatari haiko kwenye splaisingi, ambayo vidonge hivyo haviifikii, bali kwenye dawa ambayo mgonjwa anatumia tayari. Mmea wa Hypericum perforatum ulipotumiwa pamoja na irinotecan, kiwango cha SN-38, ile sehemu ya irinotecan inayoua saratani, kilishuka kwa asilimia 42. Na EGCG, kemikali ya chai ya kijani ambayo nayo imetajwa katika orodha za vibadilishi vya uungaji, hujifunga moja kwa moja kwenye boroni ya bortezomib, dawa ya saratani ya uboho inayozuia proteasomu. Katika majaribio ya seli na ya panya, bortezomib iliyokutana nayo ilishindwa kuifikia proteasomu.